Filamu za deziemu biro: zinatuficha nini?



Juma hili tunazungumza juu ya zile filamu ambamo bwana ana mwanamke mwingine nje. Karibu kila nyumba yenye televisheni, au yenye simu iliyojazwa filamu, inazijua. Zinatoka Nigeria, zinatoka Dar es Salaam, zinatoka Kinshasa. Zile za mfululizo zinatoka hata Amerika ya Kusini, zikiwa zimetiwa Kifaransa. Nyumba ni nyingine na nguo ni nyingine, lakini hadithi ni ile ile. Tunazitazama jioni baada ya bukari, binti zetu wakiwa pembeni yetu, na zikiisha tunaulizana: "Ee, ni hii tu?" Kesho yake tunaweka nyingine.

Hatusemi kwamba filamu isiguse mambo ya uzinzi. Uzinzi uko katika maisha, na kwetu Kongo tumeupa hata jina la mzaha. Mwanamke wa nje tunamwita deziemu biro, yaani ofisi ya pili. Jambo likipata jina la mzaha, ujue watu wamelizoea. Shida yetu na filamu hizi ni namna zinavyosimulia.

Tuangalie mwendo wake. Bwana anapata kazi nzuri na gari. Anaona msichana. Bibi wa nyumba anakuta maneno katika simu. Kuanzia hapo filamu inawafuata wanawake wawili. Wanatukanana, wanavutana nywele, mmoja anakwenda kwa mganga, mwingine anakesha katika maombi. Saa nzima inapita hivyo. Mwishoni msichana anapata ajali au anashikwa na wazimu, bwana anarudi na kupiga magoti, bibi analia na kusamehe. Muziki unapigwa, filamu imekwisha.

Sasa tuhesabu pamoja. Katika saa hiyo, ni dakika ngapi bwana ameulizwa maswali? Pengine mbili. Yeye ndiye aliyeweka ahadi mbele ya wazazi, ndiye aliyetoa mahari, ndiye aliyeivunja ahadi. Lakini filamu inamtendea kama mtu aliyepatwa na mvua njiani: alirogwa, alidanganywa, shetani alimpitia. Wanawake ndio wanaobeba hukumu. Mmoja anaitwa mchawi, mwingine anaambiwa hakujua kumtunza bwana.

Jambo la pili linalofichwa ni pesa. Msichana wa filamu anapewa chumba, simu na vikwembe vipya. Je, franka hizo zilitoka mfuko gani? Katika nyumba zetu tunajua jibu. Zinatoka katika pesa ya shule, ya unga, ya dawa, au katika likelemba ambayo mama alisubiri zamu yake miezi mingi. Filamu haionyeshi mtoto aliyerudishwa kutoka darasani kwa sababu pesa ya shule haikulipwa. Lakini ndipo mama wengi wanapoanza kujua kwamba nyumba ina tundu.

Jambo la tatu ni watoto wenyewe. Katika filamu wanaonekana wakisema "bonjour papa", halafu wanatumwa chumbani. Hawaonekani wakisikia kelele usiku, wala wakichekwa na wenzao kisimani. Wazee walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Filamu inaonyesha tembo wawili wakipigana, na nyasi haionyeshi. Ugonjwa pia hauonyeshwi. Ni mara ngapi tumeona katika filamu hizi bibi na bwana wakienda pamoja kupima damu kabla ya kulala tena kitanda kimoja? Nyumba inayosameheana bila kupima inaweza kuleta virusi hata kwa mtoto aliye tumboni.

Pengine mtu atasema: "Wamama, ni mchezo tu, tunacheka na kulala." Tungekubali kama mchezo ungebaki katika kioo. Lakini jambo hili linapompata mwenzetu, mara nyingi tunafanya kama tulivyoona. Tunamsindikiza kwenda kumpiga yule mwanamke, tunampasulia kikwembe njiani, na wanaokuja kutazama wanashangilia. Kisha mwenzetu anaitwa polisi na kulipa faini kwa pesa ya nyumba. Bwana amekaa kwa rafiki yake anakunywa, na hakuna aliyemwuliza neno. Binti zetu nao wamejifunza kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke.

Hata sheria yetu zamani ilikuwa na jicho kama la filamu hizi. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, ile tunayoita Code de la famille, ilihesabu uzinzi wa mke kuwa kosa kila mara. Uzinzi wa mume ulihesabiwa kosa tu kama ulikuwa na uzito wa tusi kubwa kwa mke. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa ubaguzi huo, na leo mume na mke wanapimwa kwa kipimo kimoja. Sheria ilibadilika, lakini filamu nyingi zimebaki kule nyuma.

Tena, sheria inaendelea pale filamu inapokatika. Inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Siku baba anapokufa, robo tatu ya mali yake ni ya watoto wake, kwa sehemu sawasawa. Kati yao wamo wa nje pia, kama aliwatambua kisheria alipokuwa hai. Kwa hiyo yale magoti ya mwisho wa filamu hayamalizi kitu. Yule msichana aliyepata ajali pengine ameacha mtoto, na mtoto huyo ni ndugu wa watoto wetu. Nani atamlea? Nani atamwambia ukweli? Hapo ndipo hadithi ya kweli ingeanza, na hapo ndipo wanapoandika neno "mwisho".

Je, hakuna filamu iliyoweza? Zipo, na ni za Waafrika wenzetu. Mwaka 1987 Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Benoît Lamy wa Ubelgiji, walitoa La Vie est belle, iliyochezwa Kinshasa na marehemu Papa Wemba. Ndani yake yumo tajiri Nvouandou, mwenye bibi nyumbani, anayetaka kumwongeza msichana Kabibi kwa shauri la mganga, kwa sababu nguvu zake za kiume zimepotea. Tunacheka sana, lakini tunamcheka tajiri na kiburi chake. Wanawake hawageuzwi kuwa nyoka.

Kabla yake, mwaka 1975, Sembène Ousmane wa Senegal alitoa Xala. Humo habari ni ya ndoa ya tatu, iliyofungwa hadharani, lakini maumivu ya nyumba ni yale yale. Mfanyabiashara wa Dakar anaoa msichana mdogo, na usiku wa arusi nguvu zake zinamwacha. Sembène anatuonyesha pesa ya arusi ilitoka wapi: mtu huyu aliuza mchele uliokuwa wa kulisha watu. Anatuonyesha pia binti yake mkubwa, Rama, akimwambia baba yake ukweli usoni na kupigwa kofi. Pesa iko, mtoto yuko, na bwana yuko katikati akiulizwa. Ndiyo sababu filamu hiyo bado inatazamwa.

Hata hapa Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza kwa miaka mingi michezo ya radio na televisheni katika Kiswahili chetu, na wazazi wetu walijiona humo. Kwa hiyo wanaotengeneza filamu leo wasituambie kwamba watazamaji hawataki zaidi ya kuvutana nywele. Tunataka, ila hatujawaambia.

Basi tunatoa pendekezo kwa kila kikundi. Katika mkutano ujao, chagueni filamu moja ya namna hii na muitazame pamoja, mabinti wakubwa wakiwepo. Ikiisha, msikimbilie kusema nani alikuwa mbaya. Ulizeni maswali manne: Pesa ilitoka wapi? Watoto walikuwa wapi? Nani aliulizwa, na nani hakuulizwa? Kesho yake asubuhi, nyumba ile itaamkaje? Waacheni mabinti wajibu kwanza, kwa maana wataolewa bila sisi kuwa chumbani.

Na kama katika kikundi kuna mama ambaye filamu hii inachezwa nyumbani kwake, msimpeleke kupigana. Msindikizeni kituo cha afya apime. Ikaeni naye, pamoja na wazee wa pande zote mbili, na bwana aitwe aketi hapo ajibu mwenyewe. Angalieni kama ndoa yao imeandikwa kwa ofisi ya serikali, na kama kila mtoto alitangazwa huko ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Karatasi hizo hazitamrudisha bwana nyumbani, lakini zitasimama upande wa mama na watoto siku ambayo maneno ya watu yatakuwa mengi.