Ngoma za Usukuma na Adabu ya Kubishana

Yapo mambo ambayo wananchi hawayazungumzi bila damu kuchemka. Katika Mkoa wa Simiyu, bei ya pamba ni mojawapo. Katika msimu wa 2019 ilitangazwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi waliokwisha kuikabidhi pamba yao wakakaa muda mrefu wakingoja malipo. Manung'uniko ya namna hiyo yasemwe wapi, na kwa lugha gani, ili yasikike bila kuvunja ujirani?

Kuanzia Bariadi hadi Maswa na Meatu, Wasukuma wanao uwanja wao wa siku nyingi, nao ni uwanja wa ngoma. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Usukuma wamegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu, kwa kufuata mafundi wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, hasa mwezi wa Juni na Julai, makundi mawili hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji ndio waamuzi: kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda.

Mtungaji wa nyimbo, aitwaye ningi, humsuta mpinzani wake, hukemea uvivu na ulevi, na huweza kuwagusa hata wakubwa. Lakini utaratibu wenyewe humtia adabu. Mwenye matusi matupu huchosha masikio, na watu wakichoka huvuka kwenda upande wa pili. Tena Bagika wasipokuwa na Bagalu hawana wa kushindana naye. Kwa hiyo kila upande hutaka kumshinda mwenzake, wala hautaki kumwangamiza.

Ndugu zetu wa Visiwani hawatalishangaa jambo hili. Kule Makunduchi, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba huku wanawake wakiimba, na magomvi ya mwaka uliopita yakadhaniwa kuwa yameishia hapo. Silaha imechaguliwa kwa hekima: mgomba huuma, lakini hauui.

Hata hivyo, uwanja lazima uwe na mipaka. Usukuma imepata msiba wa vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho yao ni mekundu, macho ambayo aghalabu yameharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Wimbo unaomtaja jirani kuwa mchawi hauwezi kuitwa ukosoaji. Ni hukumu ya kifo iliyotiwa mdundo. Sheria ya Uchawi ya 1928 inakataza kumsingizia mtu uchawi, na wazee wa ngoma wanapaswa kuwa wa kwanza kumnyamazisha mwimbaji wa namna hiyo. Kisutwe kitendo, isutwe kazi ya ofisi. Mwili wa mtu, ukoo wake na uzee wake viachwe.

Kwa viongozi tuna neno pia. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikizuia chama cha TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likadumu hadi 1958. Je, ukimya ulileta utulivu? Mwaka huo huo wa 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kuipinga halmashauri waliyowekewa bila ridhaa yao. Neno lililozibiwa njia hutafuta njia nyingine, mara nyingi iliyo mbaya zaidi.

Leo vikundi vya ngoma huitwa mara kwa mara kumpokea mgeni wa heshima, vikaimba sifa, vikapewa soda na kurudi nyumbani. Hayo ni matumizi duni ya hazina kubwa. Tunashauri kwamba viongozi wa wilaya na wa vyama vya ushirika waketi uwanjani kama watazamaji wengine, wausikilize wimbo wa pamba hadi mwisho, kisha wasimame na kujibu kwa hesabu: bei ni hii, makato ni haya, fedha zimekwama mahali fulani. Anayejibu wimbo kwa hoja atavuta watu upande wake. Anayeujibu kwa amri ataukuta uwanja mtupu, na wimbo wenyewe utakuwa umekwisha kuhamia kijiji cha pili.