Kuanzishiwa uchungu pale bingwa anapokuwa mmoja

Mimba ikipita tarehe ya matazamio, kila mtu Mwamapalala ana dawa. Mama mkwe ana mizizi ya kuchemsha, jirani anashauri kutembea sana, na mume anahesabu vidole akishangaa mbona mtoto wa kwanza hakuchelewa hivi. Muuguzi wa zahanati ndiye anayetamka lile ambalo nyumbani hawapendi kulisikia: mama aende hospitali akaanzishiwe uchungu.

Kata ya Mwamapalala ilikuwa ya Wilaya ya Bariadi hadi Itilima ilipokuwa wilaya na Simiyu kuwa mkoa, mwaka 2012. Kwa mjamzito njia ya rufaa ni hii: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Nyaumata, Bariadi. Ikishindikana hapo, ni Bugando, Mwanza. Hospitali nyingi za wilaya nchini hazina bingwa wa kudumu wa wanawake na uzazi, ndiyo maana tangu 2024 Serikali imekuwa ikipeleka kambi za madaktari bingwa kwenye halmashauri. Kambi ni ya siku chache. Mimba haina habari na ratiba hiyo.

Dawa zenyewe si ngeni wala si ghali. Shirika la Afya Duniani linaelekeza misoprostoli kwa kipimo kidogo, maikrogramu 25 za kunywa kila baada ya saa mbili. Tatizo ni kwamba kidonge kilichozoeleka kina maikrogramu 200. Kukikata kwa wembe vipande vinane ni kubahatisha. Njia salama ni kukiyeyusha katika mililita 200 za maji, mama akanywa mililita 25. Ipo pia katheta yenye puto, inayopitishwa kwenye shingo ya uzazi ili kuilainisha na kuifungua. Na ipo dripu ya uchungu, yaani oksitosini, dawa inayotakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8; jokofu likizimika kwa muda mrefu, nguvu yake hupungua bila chupa kubadilika sura.

Lakini kumpa mama dawa ni kazi ya dakika chache. Kinachofuata kinaweza kuchukua siku nzima, au zaidi, na hapo ndipo upungufu wa watu unapouma. Mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30. Uchungu uhesabiwe: ukizidi mara tano ndani ya dakika kumi, mtoto anaweza kukosa hewa na dripu inapaswa kufungwa mara moja. Mwanamke aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi hapewi misoprostoli kabisa, kwani kovu linaweza kuachia. Hata asiye na kovu, akiwa ameshazaa mara nyingi, kizazi chake kiko hatarini zaidi kupasuka dawa ikizidi. Katika mkoa kama Simiyu, ambako mimba ya sita au ya saba haimshangazi mtu, jambo hilo si tanbihi ya kitabuni. Ni mama aliyelala kitanda cha pili kutoka mlangoni.

Sasa mweke daktari mmoja katikati ya hayo. Asubuhi yuko kliniki, mchana chumba cha upasuaji, usiku simu iko chini ya mto. Akimwanzishia mama dawa jioni, shida huenda ikaja saa tisa usiku, wakati mkunga mmoja anahudumia wodi nzima na mtu wa dawa ya usingizi yuko nyumbani. Kwa hiyo kishawishi kinamvuta pande mbili. Anaweza kuharakisha dripu ili mambo yaishe kabla hajaondoka. Anaweza pia kuahirisha, akiomba uchungu uje wenyewe. Vyote viwili vina gharama. Mama mwenye dalili za kifafa cha mimba ambaye mimba imekomaa hapaswi kuahirishiwa. Aliyepasukiwa na chupa bila uchungu naye anakaribisha maambukizi kila saa inayopita.

Na aliyechelewa tu? Nchini Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha kuanzisha uchungu wiki ya 41 na kusubiri hadi ya 42. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu watoto sita walikufa katika kundi la kusubiri, na hakuna hata mmoja katika kundi lililoanzishiwa uchungu. Mwaka mmoja kabla yake, Wamarekani walionyesha kuwa kuanzisha wiki ya 39 kwa mimba ya kwanza isiyo na tatizo kulipunguza upasuaji kutoka asilimia 22.2 hadi 18.6. Huo wa pili ningeuacha hukohuko kwenye mashine za kufuatilia mtoto muda wote. Wa Sweden unatuhusu, ila una sharti: ujue kwa hakika kwamba hii ni wiki ya 41. Anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita, kwa kuwa msimu wa pamba ulimbana, amebeba kadi yenye tarehe ya kukisia. Shirika la Afya Duniani linashauri picha moja ya altrasaundi kabla ya wiki ya 24, na kwa maoni yangu picha hiyo ina thamani kuliko dripu nyingi zinazokuja baadaye.

Upungufu huo una mfano wa kujifunza: hayati Dk. Godfrey Mbaruku alifanya kazi hospitali ya mkoa Kigoma katika miaka ambayo wengi wangeona kazi hiyo haiwezekani. Kati ya 1984 na 1991, vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuwa na dawa mpya. Walibadilisha mambo 22, mengi ya kawaida sana: kila kifo kijadiliwe, damu ipatikane, wahudumu wafundishwe, vifaa vitengenezwe. Mabadiliko ya kawaida kama hayo ndiyo jibu kwa hospitali yenye bingwa mmoja: wakunga wenye mamlaka ya kufunga dripu bila kusubiri simu ipokelewe, na mama aanzishiwe asubuhi, si jioni, isipokuwa hali yake hairuhusu kungoja.

Kwa familia za Mwamapalala, mizizi ya kuharakisha uchungu iachwe, hasa mama akiwa tayari amepewa dawa ya hospitali, maana hakuna anayejua vipimo vinajumlishwaje. Dawa ya kuanzisha uchungu isikubaliwe mahali pasipo na upasuaji. Safari ipangwe mapema, kabla mvua haijageuza udongo mweusi wa mbuga kuwa ulimbo. Na kabla chupa ya dripu haijatundikwa, muulizeni mhudumu nani atakuwa zamu usiku. Dharura ikitokea, pigeni 115, namba ya M-Mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito; haitozwi.