Tuseme: Jukwaa, Jinsia na Elimu ya Msichana

Sanaa za maonyesho, yaani ngoma, nyimbo, majigambo na tamthilia, zilikuwa shule kabla ya kuja kwa shule. Hata hivyo, si kila lililofunzwa humo lilikuwa la haki. Katika baadhi ya jamii za Mkoa wa Mara, ukeketaji wa wasichana huambatana na ngoma, nyimbo na zawadi. Msichana hutangazwa hadharani kuwa amekua. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana iliharamisha kitendo hicho kwa walio chini ya umri wa miaka 18. Lakini sheria haiimbwi wala haichezwi. Fundisho lililojengwa kwa ngoma halibomolewi kwa kifungu cha sheria peke yake.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 katika shule za sekondari za Tanzania na wanataaluma wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, mtunzi wa tamthilia ya Nguzo Mama. Wasichana wenyewe huchunguza yanayowakwamisha: mimba, unyanyasaji, mzigo wa kazi za nyumbani, woga wa kunyoosha mkono darasani. Huyatungia igizo, wakaigiza mbele ya walimu na wenzao. Kisha hadhira hujadili na kukubaliana hatua za kuchukua. Baadaye shirika la FAWE liliufikisha mradi huo katika nchi nyingine za Afrika.

Jina lenyewe ni somo la sarufi. "Semeni" ni amri: yupo aamuruye na wapo waamriwao. "Tuseme" iko katika dhamira tegemezi, nafsi ya kwanza wingi: asemaye humo ndimo alimo. Katika lugha iliyozoea kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa, tofauti hiyo si ndogo. Msichana aliyekuwa mtendwa anakuwa mtenda.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humo humo, alidai katika Elimu ya Kujitegemea (1967) kwamba elimu imjengee mwanafunzi moyo wa kudadisi. Udadisi usio na sauti hufia kifuani. Ndiyo maana mkoani Mara zimekuwapo kambi ambamo wasichana hufundishwa na kuhitimu kwa nyimbo na ngoma pasipo kukeketwa. Ngoma imebaki, kisu kimeondolewa.