Maumivu ya mgongo na viungo: tujue chanzo chake, tuitunze miili yetu



Katika makanisa yetu ya Walikale na Masisi, wengi wanaobaki baada ya ibada ili waombewe wanataja mgongo, shingo, kiuno au magoti. Tunawaombea, na tutaendelea kuwaombea. Lakini kuomba bila kuuliza mtu anabeba nini kila siku ni kama kukausha sakafu huku paa linavuja.

Katika Luka 13 tunasoma habari za mama aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Yesu alimwona, akamwita, akamwekea mikono. Mkuu wa sinagogi alipolalamika kwamba ni Sabato, Bwana alimkumbusha kwamba hata ng'ombe hufunguliwa siku hiyo akanywe maji. Basi tusiseme kwamba maumivu ya mwili si kazi ya kanisa.

Mzigo wetu wa kila siku

Kwetu, penye barabara mbovu mgongo wa mtu ndio gari. Wamama hubeba muhogo, kuni na makala kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na mara nyingi mtoto yuko juu ya mzigo au kifuani. Bido ya maji ya litri 20 ni kilo 20. Huko Bisie, kabla mgodi wa kiwanda haujaanza kutoa madini mwaka 2019, vijana walipita msituni zaidi ya kilomita 40 hadi Njingala, kila mmoja na gunia la kasiterite la kilo 50. Masisi, wanaume husukuma chukudu zilizojaa viazi na mbao. Na vita vinapofika, familia hukimbia na nyumba nzima kichwani.

Mara nyingi kinachoumia si mfupa. Ni misuli, au kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha misuli na mifupa, au zinazofunga mfupa mmoja na mwingine kwenye kiungo. Zikivutwa kupita nguvu yake, huchanika kidogo na kuvimba. Zikivutwa kila siku bila kupumzika, hazipati nafasi ya kupona.

Mganga anatambuaje?

Kwanza anauliza: maumivu yalianza lini, baada ya kazi gani, yanashuka mguuni au mkononi, yanazidi usiku au mchana? Kisha anatazama kama kuna uvimbe, anagusa, anakuomba uiname, uinuke, utembee kwa visigino. Maswali na mikono vinaonyesha mengi. Picha ya eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini misuli na kano hazionekani vema humo. Kwa hiyo mganga akikuambia huhitaji picha, usidhani amekudharau.

Dalili zisizongoja

Mtu afikishwe haraka kituo cha afya au hospitali akiwa na mojawapo ya hizi:

- Miguu inalegea au kufa ganzi, au ameshindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo umekataa kutoka.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka, ajali au risasi.
- Ana homa, anakonda, anatoka jasho usiku, au uti wa mgongo unaanza kutoa nundu. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu; hushika pia mifupa ya mgongo, na kina dawa.
- Paja au tako limevimba, lina joto na homa ipo. Huenda kuna usaha ndani ya msuli. Kukanda hakuutoi, unahitaji kupasuliwa na dawa za kuua vijidudu.
- Mtoto anayelia mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa, mikono au miguu. Apimwe damu, huenda ni ugonjwa wa SS.

Wengine wakiona hali hizi husema ndugu amelishwa sumu au amerogwa, na miezi inapita katika kutafuta adui. Mguu unaokufa ganzi hauna miezi ya kungoja.

Matunzo

Habari njema ni kwamba maumivu mengi ya mgongo yasiyo na dalili hizo hupungua ndani ya majuma machache. Usilale kitandani siku nyingi. Misuli isiyotumika hudhoofika. Tembea kidogo kidogo, punguza mzigo, weka kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Parasetamoli ya 500 mg isizidi vidonge 8 kwa siku kwa mtu mzima. Ibuprofeni inywewe baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiinywe bila kumwuliza mganga.

Kifundo cha mguu kikiteguka, siku mbili za kwanza kipumzishe, kiweke maji baridi, kifunge kwa bandeji isiyobana, kiinue juu. Usikikande kwa nguvu. Na fundi wa mifupa akifunga mianzi, chunguza vidole: vikiwa baridi, vyeusi au bila hisia, legeza mara moja na ukimbie hospitali. Kwa mifupa iliyovunjika vibaya, hospitali ya HEAL Africa huko Goma inajulikana kwa upasuaji wake, pale njia inapofunguka.

Tujihadhari na sindano za kiholela. Sindano ya takoni ikichomwa vibaya huweza kuumiza mshipa wa fahamu na kumwacha mtu akiburuta mguu, au kuleta jipu. Vidonge vya deksametazoni na prednisoloni hutuliza upesi, ndiyo maana vinapendwa sokoni. Vikitumiwa muda mrefu bila mganga hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kuficha magonjwa. Na mwenye kuvitumia muda mrefu asiviache ghafla, mganga amwongoze kuvipunguza. Chale za wembe uliotumiwa na wengine huleta maambukizi.

Kazi ya kanisa

Paulo aliwaandikia Wagalatia wachukuliane mizigo. Kwetu neno hilo lina uzito wa kilo. Mashemasi na wajue ni mjane gani anateka maji peke yake. Vijana na wapange zamu ya kumbebea mama aliyejifungua karibuni. Gunia la kilo 50 ligawanywe mara mbili, hata kama safari itarefuka. Wababa, tusitembee na panga tupu mkononi huku mke yuko nyuma, kamba ikimkata paji la uso na mtoto kifuani.

Tuweke mikono juu ya wagonjwa na kuwaombea, kisha mikono hiyo hiyo iwatue mizigo na kuwafikisha kwa mganga. Mungu wa amani ailinde miili na roho zenu. Amina.