Memori kadi ya 128GB kwa bei ya chai? Tulia kwanza, buda

Kuna redio ndogo ambayo bila shaka unaijua. Ni ya kushika mkononi, ina antena ya kuvuta, tochi pembeni, na kitundu cha kuingiza memori kadi. Bawabu wa ploti yenu anayo. Kinyozi anayo. Shosho kule ocha hulala nayo kando ya mto. Stesheni zikianza kukwaruza, anabonyeza kidude kimoja na nyimbo za kwenye kadi zinaendelea.

Sasa, katika familia nzima, wewe ndiwe hutumwa tao kununua hiyo kadi, eti kwa sababu "unajua mambo ya kompyuta." Unafika Luthuli, unawekewa mbili kwenye kaunta. Moja ni ya 32GB. Nyingine ni ya 128GB, na hiyo kubwa ndiyo ya bei ya chini. "Orijino kabisa, brathe," unaambiwa. Unachukua ipi?

Kabla hujatoa simu kulipa, piga hesabu kidogo.

Wimbo wa MP3 wa dakika nne, ukiwa na ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, unakula takriban 4MB. GB moja basi inabeba nyimbo kama 250, na 32GB zinabeba nyimbo kama 8,000. Ukizicheza mchana na usiku bila kuzima redio, zitakuchukua siku 22 hivi kabla ya kurudi wimbo wa kwanza. Shosho hana haja ya kadi kubwa kuliko hiyo. Hata 8GB zingemtosha.

Kwa hivyo swali la kwanza si "kubwa ni ipi?" bali "kifaa changu kinakubali ipi?"

Kifaa ndicho huamua

Angalia uso wa kadi. Ukiona herufi SDHC au HC, hiyo ni ya zaidi ya 2GB hadi 32GB, na kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa na mpangilio wa faili unaoitwa FAT32. Ukiona SDXC au XC, hiyo ni ya zaidi ya 32GB hadi 2TB, na mpangilio wake ni exFAT. Redio nyingi za bei nafuu zinaelewa FAT32 pekee. Ukizipa kadi ya 64GB zinabaki zimenyamaza, na utarudi dukani kugombana na muuzaji ilhali kadi haina shida. Shida ni kwamba redio haisomi lugha yake.

Dawa ni rahisi: soma boksi au kijitabu cha kifaa. Kama kimeandikwa "hadi 32GB," ishia hapo. Kama hakuna boksi, nenda na redio yenyewe dukani, ingiza kadi, sikiliza wimbo, ndipo ulipe.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Kule Marekani kuna watu ambao raha yao ni kusikiliza mawasiliano ya zimamoto, ndege na treni kwa redio za mkononi zinazoitwa skana. Modeli kama Uniden SDS100 huweka orodha ya masafa na rekodi za sauti kwenye kadi ya maikroSD. Ukichomoa hiyo kadi na kuweka mpya tupu bila kuhamisha faili zake, skana inakosa orodha yake. Kwa kifaa kama hicho kadi si stoo ya ziada, ni ubongo wenyewe. (Na kama umeshaanza kuitamani, tulia: huku vifaa vya redio vinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo waulize kabla ya kuagiza.)

Zile alama ndogo zina maana

Kwenye kadi kuna alama watu huzipuuza. Namba 10 ndani ya herufi C, au 1 ndani ya U, maana yake kadi inaandika angalau 10MB kwa sekunde. U3 na V30 ni angalau 30MB kwa sekunde. A1 na A2 ni za simu: zinaonyesha kadi inaweza kuendesha programu, si kuhifadhi picha tu.

Redio ya nyimbo haihitaji kasi yoyote ya ajabu. Simu inayorekodi video ya 4K inahitaji U3 au V30, la sivyo video inaweza kukatika katikati ya harusi ya dadako. Usilipie kasi usiyoitumia, na usibanie ile unayoihitaji.

Kama unaendesha teksi ya apu na una kamera ya gari, sikiza hapa vizuri. Kamera inayorekodi megabiti 15 kwa sekunde inakula karibu 7GB kwa saa. Kadi ya 32GB inajaa kabla ya saa tano, kisha kamera inaanza kufuta za zamani na kuandika upya, siku baada ya siku. Chembe za kadi huchakaa kwa kuandikwa. Ndiyo maana kuna kadi maalum zenye maandishi "Endurance," kama SanDisk High Endurance na Samsung PRO Endurance. Siku utakapogongwa na mtu aape kwamba wewe ndiwe uliyemgonga, kadi iliyochoka haitakutetea.

Sasa turudi kwa ile ya bei ya chai

Kadi feki hufanya kazi hivi. Ndani ya kadi kuna chipu ndogo inayoiambia simu au redio, "mimi nina nafasi kiasi hiki." Matapeli huibadilisha ili idanganye. Kadi ya 8GB inasema ni ya 128GB, na simu inaamini. Unaweka picha wiki ya kwanza, ziko sawa. Unaweka mwezi wa pili, bado majina ya faili yanaonekana. Lakini ukishapita zile 8GB za ukweli, vitu vipya vinaandikwa juu ya vya zamani au vinapotelea hewani. Unakuja kufungua video ya graduesheni, unaambiwa faili imeharibika. Kama ulikuwa umerekodi sauti ya babu akieleza mlikotoka, na babu hayupo tena, hakuna fundi wa kukurudishia kitu ambacho hakikuandikwa.

Usiiamini simu inapokuonyesha "128GB." Hiyo ni kadi ikijisifu. Njia ya kujua ukweli ni kuijaza yote kisha kuisoma tena. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw; kwenye Linux na Mac kuna F3. Kadi ya 32GB inayoandika 10MB kwa sekunde itachukua karibu saa moja kujazwa, kisha muda mwingine wa kusomwa. Hutaweza kusubiri hapo kwa kaunta, kwa hivyo dai risiti na mkubaliane kabla ya kulipa: ikifeli, unairudisha. Muuzaji akikataa kuandika risiti, amekwisha kukujibu. Fanya jaribio hilo kadi ikiwa tupu, siku hiyo hiyo.

Jambo moja la kukutoa wasiwasi: kadi halali ya 32GB itaonyesha kama 29.8 kwenye Windows. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu GB moja kama baiti bilioni moja, nayo kompyuta ina kipimo chake kikubwa kidogo.

Ukishapata kadi nzuri, ifomati ndani ya kifaa kitakachoitumia kama kina uwezo huo. Zima redio kabla ya kuichomoa. Na kitu chochote ambacho ungekililia, kiwe na nakala mahali pengine, kwa laptopu au mtandaoni, kwa sababu hata kadi orijino hufa, na nyingi hufa bila kukuambia.

Kwa hivyo ukiwa pale kaunta: mpelekee shosho ya 32GB, au hata ndogo zaidi, uliyoijaribu mwenyewe. Ile ya 128GB ya bei ya chai, iache ilale hapo hapo.