Mwalimu Alma alivyong'ara uzeeni

Je, msomaji, wewe unayehesabu miaka iliyobaki kabla ya kupokea kiinua mgongo chako, umeshapanga utafanya nini baadaye? Kufuga kuku wa mayai? Kurudi shamba? Hebu nikusimulie habari za Alma Thomas, mwalimu wa Washington, Marekani, aliyeiaga chaki mwaka wa 1960 akiwa na umri wa miaka 68, ndipo akachora picha zilizompa jina.

Alizaliwa mwaka wa 1891 mjini Columbus, jimbo la Georgia, binti wa kwanza kati ya wanne. Siku hizo mtu mweusi hakuruhusiwa kukanyaga maktaba wala makumbusho ya huko. Mwaka wa 1907 wazazi wake walihamia Washington ili binti zao wapate usalama na masomo. Mwaka wa 1924 Alma akawa mtu wa kwanza kuhitimu sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard.

Kisha akaingia darasani katika shule ya Shaw, akafundisha kwa miaka 35! Kuchora alichora, lakini kwa nafasi ndogo. Ikiwa nyumbani kwako kuna mwalimu, unajua madaftari ya kusahihisha hayaishi.

Baada ya kustaafu, ugonjwa wa viungo ulimbana. Chuo cha Howard kilipotaka kuonyesha kazi zake mwaka wa 1966, bibi huyo alitaka kuleta kitu kipya. Akautazama mti uliokuwa nje ya dirisha lake, jinsi mwanga ulivyopenya kwenye majani. Kuanzia hapo hakuchora mti wala mtu. Alipanga vipande vidogo vya rangi, kimoja baada ya kingine, katika mistari au duara ndani ya duara, huku weupe ukichungulia katikati.

Najua wapo watakaosema hata mtoto wa nasari anaweza. Mpe basi mtoto brashi, umwambie apange rangi hizo bila moja kuiua nyingine!

Mwaka wa 1972, akiwa na miaka 80, Alma alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufanyiwa maonyesho ya peke yake katika makumbusho ya Whitney, New York. Yule aliyefungiwa mlango Columbus sasa alikuwa amezijaza kuta kwa picha zake.

Alifariki mwaka wa 1978. Mwaka wa 2015, picha yake "Resurrection", aliyoichora mwaka ule wa 1966, ilitundikwa katika chumba cha kulia chakula cha Ikulu ya Marekani, katika jiji lile lile alikosahihishia madaftari.