Matundu Yakikubali, Bado Rimu Haijakubali

Wengi wanaoniletea Datsun za zamani gereji wanakuja wakiwa wameshanunua rimu, na hilo linaniumiza. Datsun 1600, aina ile waliyoendesha Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda East African Safari mwaka 1970, ina stadi nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3. Nissan waliendelea na kipimo hicho miaka mingi, kwa hiyo rimu iliyotumika ya Nissan ya baadaye yenye kipimo hicho inaingia kwenye stadi bila ubishi. Hata nati ni zilezile: milimita 12, uzi wa 1.25. Muuzaji anafurahi, mnunuzi anafurahi, na gari linafika kwangu tairi likikwaruza shokapu.

Kilichosahauliwa ni kina cha nyuma, yaani umbali kutoka bapa la rimu linalokaa kwenye habu hadi ukingo wake wa ndani kabisa. Kikizidi, gurudumu linaingia ndani mpaka kwenye shokapu, tairodi au mpira wa breki. Kikipungua, linatoka nje na kukutana na madigadi.

Kukipima ni kazi ya dakika chache. Laza rimu kifudifudi juu ya gunia, weka rula ndefu ya chuma ikatize ukingo wa nyuma, kisha shusha futi kutoka kwenye rula hadi kwenye bapa. Kama tairi limo, hakikisha rula imekaa kwenye rimu yenyewe, maana tairi hutuna kuupita ukingo na utasoma namba ya uongo.

Rimu nyingi za kisasa zimegongwa herufi ET na namba ya milimita. Namba hiyo si kina. Ni umbali kati ya bapa na mstari wa katikati ya rimu, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Chukua rimu ya 6J. Hizo inchi 6 hupimwa pale tairi linapokaa; kingo huongeza kama nusu inchi kila upande, kwa hiyo ukipima kutoka nje hadi nje unapata kama inchi 7. Nusu yake ni inchi 3.5, karibu milimita 89. Ikiwa ET ni 0, kina chako ndicho hicho. Ikiwa ni ET 40, ongeza 40: unapata 129. Magari mengi ya kisasa yanayovuta kwa magurudumu ya mbele hutengenezewa rimu za ET kubwa namna hiyo. Datsun 1600 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na shokapu yake ya mbele imesimama karibu kabisa na tairi. Hizo milimita 40 za kuingia ndani haina pa kuziweka.

Kijana mmoja mwenye gari hilo aliniuliza, “Mzee, si tuweke spesa tu hapo kwenye habu, isukume rimu nje?”

“Spesa inawezekana, mwanangu. Lakini funga nati kwa mkono huku ukihesabu mizunguko.”

Akahesabu minne, nati ikagota. Kwa stadi ya milimita 12 mimi nataka nati ishike angalau milimita 12 za uzi, na kwa uzi wa 1.25 hiyo ni kama mizunguko kumi. Minne ni gurudumu linalosubiri kuchomoka barabarani, na ndani ya gari kuna watu. Anayetaka spesa nene abadilishe stadi kwanza, aweke ndefu. Sina mjadala katika hilo.

Basi anza na gari, rimu baadaye. Gurudumu la zamani likiwa mahali pake, pima nafasi iliyopo hadi kwenye shokapu, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, ukitazama tairodi na mpira wa breki. Bodi ikiwa imekaa imara kwenye stendi, weka jeki chini ya mkono wa suspensheni uinue taratibu, uone tairi linafika wapi chini ya madigadi gari likiingia shimoni. Mimi sikubali chini ya milimita 6 kati ya rimu na shokapu, wala chini ya 10 kati ya shokapu na tairi, kwa sababu tairi hujikunja kwenye kona.

Kutoa gurudumu nje kupita kiasi nako kuna gharama, hata kama haligusi kitu. Usukani unakuwa mzito, kila shimo linauvuta mkononi, na beringi zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa. Kuongeza upana bila kuongeza kina ndiyo njia ya mkato ya kufika huko. Rimu ya inchi 5 na ya inchi 7 zikiwa na kina kilekile cha inchi 3.5, inchi mbili zote zilizoongezeka zinatokeza nje.

Kwa Datsun hii napendelea inchi 14 kwa 6J, ET kati ya 0 na 10, tairi 185/60. Lakini lako pima mwenyewe, kulia na kushoto. Mengi ya magari haya yameshagongwa na kunyooshwa, na si ajabu kukuta upande mmoja una nafasi ambayo mwingine hauna. Rimu inunuliwe kwa kipimo cha upande uliobana.